Ngumi Inaanzia Kisiginoni: Kunyoosha Mbinu za Msingi za Karate

Nilipokuwa na mkanda wa njano, kila nikipiga ngumi kiwiko changu kilitoka nje kama bawa la kuku. Nilikuwa nimevuka mtihani mmoja tu, lakini nilijiona nimeiva. Siku moja sensei, mwalimu wangu, alinishika bega, akanisogeza hadi ukutani, ubavu wangu wa kulia ukawa upana wa kiganja kutoka kwenye saruji.

"Haya, piga."

Nikapiga. Kiwiko kikakwaruza, ngozi ikatoka.

"Sensei, naumia."

"Ukuta haujakusogelea. Kiwiko ndicho kilichoufuata. Tena."

Wiki mbili za ukuta zikatibu nililokuwa nikiambiwa kwa mdomo miezi sita. Tangu hapo nina imani moja kuhusu kihon, yaani mazoezi ya msingi: maelezo mengi hayanyooshi mbinu. Tafuta shahidi, kitu kisichokuonea haya, kitakachokukamata kila ukikosea. Ukuta ni shahidi. Kamba ya kuanikia nguo ni shahidi, na chaki pia. Mwongozo huu unakwenda na mashahidi hao, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu kosa la mkono mara nyingi ni kosa la mguu lililopanda.

Ninachoandika ni kwa mtu aliyekwisha kuanza, mwenye mkanda mweupe hadi wa kijani, na ana mtu wa kumfundisha. Mtindo wangu ni Shotokan, ulioitwa hivyo kutokana na jina la kalamu la Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Shuri, Okinawa, aliyekwenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1922. Kama dojo yako, yaani ukumbi wako wa mazoezi, ni ya Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate, vipimo vyangu vya miguu utaviona virefu na vya chini mno. Fuata vya sensei wako. Mashahidi ni walewale.

Tayarisha chaki, kamba, kiti cha plastiki, kanga kuukuu na simu ya kujirekodi. Pasha mwili moto kwanza, hasa vifundo vya miguu, magoti na nyonga.

Hatua ya 1: Simama kabla ya kupiga

Zenkutsu-dachi, kusimama kwa goti la mbele lililokunjwa na mguu wa nyuma ulionyooka, ndiyo nyumba ya karibu mbinu zote za mwanzo. Chora sakafuni mistari miwili sambamba, upana wa mabega yako wewe, si ya mwenzako. Kanyaga kila mstari kwa mguu wake. Peleka mguu wa kushoto mbele bila kuuacha mstari, mpaka urefu wa hatua ufike kama mara mbili ya upana wa mabega. Kunja goti la mbele hadi ugoko usimame wima. Mguu wa nyuma unyooke, kisigino kikae chini, na vidole vielekee mbele kadiri kifundo kinavyokubali. Uzito uwe kama asilimia 60 mbele na 40 nyuma.

Kinachopotea kwanza ni upana. Mtu anaanza vizuri, lakini akishapiga hatua tatu miguu yake imeshaingia kwenye mstari mmoja, kama anayepita juu ya ukingo wa mtaro. Mwombe mwenzako akusukume bega kutoka ubavuni, kwa vidole viwili tu. Ukiyumba usibishane naye, tazama chaki.

Goti la mbele nalo hupenda kuanguka kwa ndani. Lielekeze lilipo dole la pili la mguu huohuo na ulibakize hapo. Hili usilichukulie kama suala la urembo, kwa sababu goti linalopinda ndani kila siku litakuja kukudai. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka, usikilazimishe. Fupisha hatua. Bora msimamo mfupi wenye kisigino chini kuliko msimamo mrefu wa kupigia picha.

Kaa hivyo nusu dakika, badilisha mguu, rudia mara tatu. Mapaja yatatetemeka. Yaache yatetemeke.

Hatua ya 2: Tembea chini ya kamba

Ingia zenkutsu-dachi, halafu mtu afunge kamba kutoka nguzo hadi nguzo, juu kidogo ya nywele zako, ipite uelekeo uleule utakaotembea. Sasa nenda hatua tano mbele na tano nyuma chini yake.

Mara ya kwanza karibu kila mtu anaigonga katikati ya hatua. Sababu ni moja: mguu wa mbele unanyooka ili kuupa njia ule wa nyuma, kichwa kinapanda, kisha kinashuka tena. Katika mpambano huko kupanda ni kumpigia hodi mpinzani kabla hujaingia. Dawa yake ni kuacha goti la mbele likiwa limekunjwa, kisha uuvute mguu wa nyuma upite karibu na ule wa mbele na kutoka tena nje kwenye mstari wake, kama nusu duara. Wayo ukwaruze sakafu kidogo. Ukisikia "puh" mguu unapotua, ujue umeudondosha. Unatakiwa kuuweka.

Hatua ya 3: Funga ngumi

Hapa hatukai sana, ila usiruke. Kunja vidole kuanzia kwenye ncha, viingie ndani kabisa, kisha dole gumba lipite juu ya kidole cha shahada na cha kati. Kamwe lisifunikwe na vidole vingine. Sehemu inayopiga ni vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati. Weka rula juu ya mgongo wa mkono hadi kwenye kigasha. Ikilala bila kupepea, kifundo cha mkono kimenyooka. Niliwahi kupiga begi la mchanga nikiwa nimekilegeza. Wiki tatu sikuweza kukamua nguo.

Hatua ya 4: Ngumi ya ukutani na ngumi ya kanga

Simama wima, miguu upana wa mabega, ubavu karibu na ukuta kama nilivyowekwa mimi. Ngumi moja iko mbele, nyingine iko mbavuni, juu kidogo ya mkanda, vidole vikitazama juu. Hii ni choku-zuki, ngumi ya moja kwa moja.

Sukuma ngumi mbele polepole. Kiwiko kipanguse mbavu. Vidole viendelee kutazama juu mpaka kiwiko kiache ubavu, ndipo ngumi igeuke, mwishoni kabisa. Wengi hugeuza mapema, na kugeuza mapema ndiko kunakokitoa kiwiko nje. Lenga chembe cha moyo cha mtu wa kimo chako. Bega libaki chini. Kama sikio lako linalikaribia bega, ukaze umepanda mahali pabaya.

Fanya 20 polepole kila mkono, ubavu kwa ukuta. Halafu geuka, anika kanga kwenye ile kamba na upige mbele yake, ngumi iiguse bila kuisukuma. Ukiwa mbali mno utapiga hewa, na kupiga hewa kwa nguvu zote huku kiwiko kimenyooka mpaka mwisho ni njia ya haraka ya kuumiza kiungo. Bakiza mkunjo mdogo sana. Ngumi ikifika vizuri, kanga hulia "pwa" na kutulia. Ukiisukuma, inajikunja mkononi kama shuka.

Sasa ule mkono unaorudi, hikite. Wengine huona ni mahali pa kupumzishia ngumi. Huo mkono una kazi mbili. Ya kwanza ni ya mwili: unaporudi kwa kasi ileile ya ngumi inayokwenda, unasaidia kiwiliwili kugeuka. Ya pili ni ya zamani zaidi: ukiwa umemshika mtu mkono, hikite ndiyo inayomvuta aingie kwenye ngumi yako. Ifanye kana kwamba umeshika kitu. Lakini kwenye kumite, yaani mpambano wa wawili, usipokuwa umeshika chochote, usiuache mkono kiunoni huku uso uko wazi. Nimeona vijana wakifanya hivyo kwa heshima ya kihon, wakarudi nyumbani na midomo imevimba.

Kuna pia kime, ule mkazo wa mwisho. Waanzaji hukaza tangu ngumi ikiwa mbavuni, kwa hiyo inakwenda na breki. Mtazame mtu anayejua kutwanga. Mchi anauachia ushuke, mikono yake laini, anaushika sawasawa pale tu unapogusa nafaka, kisha analegeza tena. Angekaza njia nzima asingemaliza kibaba kimoja. Ngumi iende laini, pumzi itoke, ukaze mara moja inapofika, ulegeze.

Hatua ya 5: Nyonga, yaani gyaku-zuki

Gyaku-zuki ni ngumi ya mkono wa nyuma: mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia unapiga. Kama ningeambiwa nifundishe mbinu moja tu mwaka mzima ningechagua hii, kwa sababu ndani yake kila kosa la mwili linaonekana.

Shahidi wake unaye tayari kiunoni: fundo la mkanda. Ingia zenkutsu-dachi, geuza nyonga ya kulia nyuma mpaka fundo litazame pembeni, karibu nyuzi 45. Hiyo huitwa hanmi. Kisha sukuma sakafu kwa kisigino cha nyuma, nyonga izunguke, fundo litazame mbele moja kwa moja. Mikono iache kiunoni. Hakuna ngumi bado. Nenda, rudi, mara 20. Goti la mbele lisicheze. Likiyumba kushoto na kulia, nguvu inavujia hapo.

Siku hizi Jumamosi nasimamia watoto. Kwetu salamu ni mbili: kwanza "shikamoo, senpai", yaani mwanafunzi aliyetangulia, halafu ndiyo tunainamiana. Kuna binti wa miaka 12 ambaye ngumi yake ilikuwa na haraka lakini haina uzito. Alikuwa akitumia bega.

"Senpai, mbona kanga hailii?"

"Mkono wako una haraka kuliko mguu. Usipige. Geuza fundo tu."

Nikachukua mkanda wa ziada, nikauzungusha mbele ya nyonga yake ya kulia, nikashika ncha zote mbili nikiwa nyuma yake na kumpa uzito kidogo. Ilimbidi ausukume mkanda kwa kisigino na nyonga, hapakuwa na namna nyingine. Mara kumi hivyo. Ya kumi na moja nikauachia mkanda bila kumwambia, naye akaunganisha na ngumi. Kanga ililia mpaka wenzake wakageuka. Akaitazama ngumi yake kama si yake.

Utaratibu ni huo kwako pia: nyonga peke yake, kisha nyonga na mkanda, kisha nyonga na ngumi polepole, kasi mwisho. Mpangilio ni kisigino, nyonga, ngumi, lakini nyonga na ngumi zifike pamoja. Angalia makosa matatu kwenye video ya ubavuni: kisigino cha nyuma kinachonyanyuka, kiwiliwili kinachoinamia mbele kutafuta umbali, na bega la kulia linalopita la kushoto. Hayo mawili ya mwisho karibu kila mara yana chanzo kimoja: uko mbali na shabaha. Sogeza miguu. Mgongo uache wima.

Hatua ya 6: Kinga

Gedan-barai, kinga ya chini, na age-uke, kinga ya juu, zote zinahitaji jambo ambalo waanzaji hulikata: maandalizi. Kwa gedan-barai, ngumi inaanzia karibu na sikio la upande wa pili na kushuka hadi juu ya goti la mbele, kama ngumi mbili juu yake. Isipite nje ya upana wa mwili wako. Ukipita hapo unapangusa hewa. Kwa age-uke, kigasha kinapanda mbele ya uso na kuishia juu ya paji, umbali wa ngumi moja, kikiwa na mteremko ili pigo liteleze kama mvua kwenye bati. Kigasha kikilala mlalo kabisa, pigo lote linakuangukia mkononi. Kikiziba macho yako, kiko chini mno.

Sheria za hatua ya 5 zinabaki zilezile, ila kwa kinga nyonga mara nyingi inamalizia kwenye hanmi, fundo pembeni.

Hatua ya 7: Mae-geri, na ugonjwa wa shuti

Sisi tumekua na mpira wa makaratasi. Ndiyo maana mtoto ukimwambia apige mae-geri, teke la mbele, anazungusha mguu mzima kutoka nyuma na kunyoosha vidole, kama anapiga penalti. Kwa mpira ni sawa. Kwa mae-geri ni vidole vilivyoteguka.

Kwanza ijue sehemu inayopiga. Simama kwa vidole, visigino juu. Hapo ulipokanyaga, chini ya mzizi wa vidole, ndipo panapogusa mlengwa. Teke likitoka, vidole vivutwe nyuma ili pale patangulie.

Shahidi hapa ni kiti. Kiweke mbele yako karibu sana, mkono mmoja ukutani, na upige teke juu ya kiti bila kukigusa, ukihesabu kwa sauti: moja, goti lipande mpaka kifuani kadiri uwezavyo, mbili, mguu ufyatuke, tatu, urudi kwenye goti, nne, weka chini. Ukizungusha mguu, kiti kitaanguka, na jirani atajua. Namba tatu ndiyo inayosahaulika. Mguu usiporudi, mpinzani anaudaka, au unadondokea mbele na uzito wako wote. Mguu uliosimama ukunje goti kidogo, kisigino chini. Mabega yasirudi nyuma kulipia kimo cha teke. Ukiona hivyo shusha shabaha hadi tumboni. Teke la tumboni lililorudi linashinda teke la kidevuni lililobaki hewani.

Fanya 10 za hesabu kila mguu. Zile za kasi subiri mpaka kiti kimesimama siku tatu mfululizo.

Hatua ya 8: Peleka yote kwenye alama

Mbinu ikishakaa peke yake, iweke ndani ya kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, uone kama itabaki. Heian Shodan inafaa. Ni moja ya kata tano alizozipanga Anko Itosu wa Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati karate ilipoingizwa shuleni kule. Zilikuwa zikiitwa Pinan, na Funakoshi ndiye aliyebadilisha jina na kuzipindua mbili za mwanzo. Heian Shodan ina miondoko 21, haina teke hata moja, na gyaku-zuki haimo. Ni hatua, kinga, kugeuka na oi-zuki, ngumi ya upande wa mguu unaoingia mbele. Kwa hiyo miguu haina pa kujificha.

Chora alama ya msalaba kwa chaki, simama juu yake, anza. Kata hii inatakiwa kukurudisha ulipoanzia. Katikati unakwenda mbele kwa age-uke tatu, halafu unarudi kwa oi-zuki tatu. Ukimaliza umeivuka alama, hatua zako za ngumi ni ndefu kuliko za kinga: unapopiga unapata hamu, unapojikinga unaogopa. Ukimaliza hujaifikia, ni kinyume chake. Ukiwa pembeni, kosa liko kwenye kugeuka, rudi uangalie mguu unatua wapi kabla nyonga haijazunguka.

Ukitaka kuona hatua zilizo sawa, tafuta video za Ryo Kiyuna wa Okinawa, aliyechukua dhahabu ya kata kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mtindo wake ni mwingine, Ryuei-ryu, lakini punguza kasi ya video, ziba nusu ya juu ya kioo cha simu kwa karatasi, na utazame miguu tu. Ukiondoa karatasi macho yatakimbilia mikono, na mikono yake itakudanganya kwamba kazi inafanyika huko.

Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinatosha nje ya siku za dojo. Chagua kosa moja tu kwa wiki, uliandike juu ya ukurasa. Anza na msimamo na kamba, kisha mbinu yenye kosa hilo, 30 za polepole na 10 za kasi, umalizie na Heian Shodan moja. Ukifika ya 15 na kosa limerudi kwa sababu umechoka, simama hapo; zinazobaki zitaufundisha mwili kosa hilo. Maumivu ya ghafla ya kiungo, tofauti na uchovu wa msuli, yanamaliza zoezi la siku.

Baada ya kata usisogee. Mwombe mtu achore mstari kwenye ncha ya vidole vyako, kisha upime kwa wayo umbali mpaka kwenye alama, uandike na tarehe. Yangu ya Jumamosi iliyopita: wayo mmoja na nusu, nimeivuka, na kidogo upande wa kushoto.